Tenda Wema, Nenda Zako: Somo la Mkutano wa Desemba



Methali isemayo "Tenda wema nenda zako" nimeifundisha kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote niliamini kwamba naifahamu. Nilikuwa nikiiandika ubaoni, nikaeleza kuwa mtu mwema hangoji shukrani, kisha nikawapa wanafunzi zoezi la kutunga kisa kinachoafiki maana yake. Desemba iliyopita, katika mkutano wa kufunga mwaka wa klabu ya huduma ya shule yetu hapa Mbale, nilitambua kwamba nilikuwa nimefundisha nusu yake tu. Makala haya ni maungamo ya mwalimu. Ni somo la uraia pia.

Klabu za huduma zina historia ndefu. Mwaka 1905, wakili mmoja mjini Chicago, Paul Harris, aliwakusanya wenzake watatu, na huo ukawa mwanzo wa Rotary. Klabu za Lions zilifuata mwaka 1917. Rotary ilifika Kampala mwaka 1957, na mwaka 1962 ikaanzishwa Interact kwa ajili ya vijana wa umri wenu. Hata hivyo, msidhani kwamba kusaidiana kuliletwa kwetu kwa meli. Watu wa Buganda wana bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi, kama kusafisha kisima au kutengeneza barabara. Wanyarwanda hutoka kwa umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Wakenya wana harambee, na Wapare wa Tanzania wana msaragambo. Jambo ambalo klabu imeongeza ni utaratibu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kumbukumbu za maandishi, na kura. Utaratibu huo ndio uliotuokoa, kama mtakavyoona.

Kwa miaka sita niliyokuwa mlezi wa klabu, shughuli yetu kubwa ya msimu wa Krismasi ilikuwa moja: kuyatembelea makao ya wazee yaliyo nje kidogo ya mji. Mwaka wa kabla ya mkutano ninaousimulia, tulikwenda na sukari, mchele, sabuni na mablanketi. Mgeni wa heshima alichelewa kwa muda wa saa mbili. Wazee walikaa chini ya mwembe wakitungoja sisi, nasi tukimngoja yeye. Alipowasili, tulipanga mstari, na kila mzee akapokea kifurushi chake huku akielekezewa kamera. Bibi mmoja, Kukhu kama Wagisu wamwitavyo nyanya, aliinamisha uso. Mpiga picha akamwomba ainue kichwa. Akainua. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, na sikusema neno.

Tulipokuwa tukiaga, mama anayewatunza wazee aliniita kando akanifungulia mlango wa stoo.

"Mwalimu, sukari tunayo," aliniambia kwa upole. "Mwezi huu mmekuja makundi manne. Mablanketi yapo. Tusichokuwa nacho ni makaa ya kuupikia huo mchele. Na mwezi wa tatu, mvua zikianza, hapa hafiki mtu."

Nilimwahidi kwamba mwezi wa tatu tutarudi. Hatukurudi. Mwezi huo ulikuja na mitihani na vikao vya walimu, na ahadi yangu ikafa kimya kimya, kama zifavyo ahadi nyingi za Desemba.

Sasa tuingie mkutanoni. Ilikuwa wiki ya kufunga shule. Kati ya wanachama 38, walihudhuria 30, kwa hiyo akidi ilitimia. Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili maamuzi ya kikao yawe halali, na katiba ya klabu yetu hudai nusu. Tulikuwa tumekubaliana kuendesha mkutano wote kwa Kiswahili, jambo lililowafanya wengine wazungumze polepole kuliko kawaida yao. Nadhani hata hilo lilisaidia, kwa maana mtu anayetafuta neno hupata muda wa kutafuta wazo.

Mweka hazina alisoma hesabu. Tulikuwa na shilingi 520,000, zilizotokana na michango ya wanachama na mauzo ya mandazi siku za michezo. Kisha akasoma bajeti iliyopendekezwa kwa ajili ya Krismasi. Fulana 30 zenye jina la klabu, kila moja kwa shilingi 12,000, zingegharimu jumla ya shilingi 360,000. Zilizosalia, shilingi 160,000, zingenunua zawadi za wazee.

Mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida huketi nyuma na kunyamaza, alinyosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hizo fulana watavaa wazee?"

Ukumbi ulicheka. Mwenyekiti, msichana wa kidato cha tano mwenye ufasaha, hakucheka. Alijibu kwamba fulana hutambulisha klabu, na kwamba picha zikionekana, wafadhili hupatikana. "Tusipoonekana," aliuliza, "nani atatuchangia mwakani?" Msiidharau hoja hiyo. Mashirika makubwa duniani huishi kwayo.

Nilipopewa nafasi, ningeweza kutumia cheo changu na kuifuta bajeti ile kwa sentensi moja. Badala yake niliwasimulia habari za stoo, makaa na mwezi wa tatu. Niliwaambia kwamba ahadi ilikuwa yangu, na aliyeivunja ni mimi. Si rahisi kwa mwalimu kutamka maneno hayo mbele ya wanafunzi wake. Nilikuwa ningali nimesimama wakati mwenyekiti aliponiuliza swali ambalo sijalisahau.

"Mwalimu, wewe ndiwe uliyetufundisha kutenda wema na kwenda zetu. Wazee tuliwatendea wema, tukaenda zetu. Kosa liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliketi.

Aliyeendeleza mazungumzo alikuwa mvulana wa kidato cha tano. Alisimulia kwamba mwezi wa kwanza wa mwaka ule, mama yake mdogo alijifungua katika hospitali ya wilaya jirani, akatokwa na damu nyingi. Familia ikaambiwa kwamba damu ya kundi lake haipo, isubiri iletwe kutoka kwingine. Ililetwa usiku, naye akapona. Walipouliza sababu ya uhaba ule, waliambiwa neno fupi: "Shule zimefungwa."

Labda hamkulijua hilo. Nchini Uganda, sehemu kubwa ya damu inayotumika hospitalini hutolewa na wanafunzi, kwa sababu watumishi wa benki ya damu huwapata kwa wingi mahali pamoja, tena wenye afya njema. Wanafunzi wakienda likizo, mkondo hupungua. Mahitaji hayaendi likizo. Watoto huendelea kupungukiwa damu kwa malaria, akina mama hujifungua, na barabara zenye wasafiri wengi wa sikukuu huleta majeruhi.

Mweka hazina wetu, ambaye hupenda hesabu kuliko maneno, alikwenda ubaoni. Mtaalamu wa benki ya damu aliyewahi kututembelea alikuwa ametueleza kuwa chembe nyekundu za damu huhifadhiwa kwenye jokofu kwa wiki tano au sita tu, kulingana na dawa ya kuhifadhia, na chembe sahani kwa siku tano hivi. Mweka hazina akachora mstari. Damu iliyotolewa na wanafunzi mwanzoni mwa Desemba, kabla ya kufunga shule, itakuwa imekwisha muda wake katikati ya Januari. Shule zitafunguliwa Februari. Akachora duara kuizunguka nafasi iliyobaki katikati. Hakuna aliyezungumza kwa muda. Ndani ya duara lile alikuwamo mama mdogo wa mwenzetu.

Hoja mpya ikatolewa, nayo ikaungwa mkono: fulana zisinunuliwe, shilingi 400,000 zinunue makaa ya wazee, nusu Desemba na nusu Machi, shilingi 120,000 zilizobaki zigharimie siku ya kuchangia damu kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, kwa kushirikiana na benki ya damu ya hapa Mbale. Mwenyekiti alipinga, lakini aliomba marekebisho: wachache waende jioni ya tarehe 24 kuwaimbia wazee. "Mzee naye ana haki ya kufurahi Krismasi," alisema. "Haishi kwa makaa peke yake." Marekebisho yake yalikubaliwa, kwa sharti kwamba simu zibaki nyumbani. Kura 19 ziliunga mkono, 9 zikapinga, wawili hawakupiga kura.

Hapa naomba mwangalie jambo moja la uraia. Mwenyekiti alikuwa miongoni mwa wale tisa. Kesho yake asubuhi ndiye aliyekuja ofisini kwangu na barua ya kuiomba benki ya damu ituletee watumishi, imeandikwa vizuri na inangoja saini yangu. Kushindwa kwa kura, kisha kuutekeleza uamuzi kana kwamba ni wako, ni adabu ya kidemokrasia ambayo hata watu wazima wengi hawajaimudu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mwenye kutoa damu nchini petu sharti awe na umri wa miaka 17 au zaidi, awe na uzito wa kilo 45 au zaidi, na atoe kwa hiari yake bila malipo. Kwa hiyo wanachama wadogo hawakuruhusiwa kutoa. Walipita sokoni na kwenye stendi ya teksi wakiwaeleza watu, wakaandika majina, wakagawa maji na biskuti. Walifika watu 34. Kumi na mmoja walirudishwa kwa sababu ya uzito, shinikizo la damu au upungufu wa damu. Waliotoa walikuwa 23.

Mmoja wa hao 23 alikuwa mimi, na hapa naongeza ungamo la pili. Kwa miaka sita nilikuwa nimewasindikiza wanafunzi wangu hadi kwenye vitanda vya kutolea damu, nikawahimiza, nikawasifu. Mwenyewe sikuwahi kulala hapo. Naogopa sindano. Kila mara nilipata kazi ya kufanya upande wa pili wa ukumbi.

"Mara ya ngapi, Mwalimu?" aliniuliza muuguzi akinifunga mkanda mkononi.

"Ya kwanza."

Kitanda cha pili alikuwa amelala yule mvulana mwenye mama mdogo. Alinisikia, akageuza uso akatazama dari, akanisitiri kwa ukimya. Sindano iliniuma kidogo. Baada ya dakika chache mfuko ulijaa, ukabandikwa namba, ukawekwa kwenye sanduku la baridi pamoja na mingine. Nilipokuwa nikinywa soda yangu, gari la benki ya damu liliondoka.

Hapo ndipo jibu la swali la mwenyekiti liliponijia. Damu ile ingepimwa, kisha ingekwenda kwa mtu nisiyemjua. Hatainuliwa kichwa apigwe picha. Hatalazimika kunishukuru, wala mimi sitajua kama alipona. Nimetenda, nimekwenda zangu. Methali inatukataza kungoja shukrani. Haikutukataza kurudi kuuliza hali. Sisi kule kwa wazee tulifanya kinyume chake: shukrani tuliziondoa pale pale, tukazibeba ndani ya simu zetu, na kurudi ndiko tulikokataa. Tulikwenda zetu kutoka kwa watu, lakini kutoka kwa shukrani hatukwenda.

Mwezi wa tatu tulirudi. Mvua ilikuwa imenyesha na gari lilikwama mara mbili, hivyo magunia ya makaa tuliyabeba kwa mabega hatua za mwisho. Hatukuwa na fulana wala bango. Kukhu alikuwa ameketi mlangoni. Alituangalia, akaangalia nyuma yetu barabarani, kisha akauliza:

"Leo mgeni wa heshima yuko wapi?"

"Hayupo, Kukhu. Tumekuja sisi tu."

"Basi ingieni mkae," akasema, akasogea kutupisha.

Tulikaa hadi jioni. Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba anahitaji pia dawa ya macho, na kwamba alikuwa fundi wa kusuka vikapu. Hayo nisingeweza kuyajua katika mstari wa Desemba.

Wanafunzi wangu, nawaachieni maswali matatu ya kujadiliana, kisha mwandike insha ya kurasa mbili. Je, katika klabu yenu, nani huamua mahitaji ya anayesaidiwa, na je, mwenyewe huulizwa? Ni huduma gani katika mji wenu hupungua shule zinapofungwa? Na hoja ya mwenyekiti wetu kwamba kikundi kisichoonekana hakichangiwi, mngeijibuje kwa haki? Msinakili jibu langu. Mimi mwenyewe nililipata nikiwa na bendeji mkononi, baada ya kuifundisha methali hiyo kwa miaka mingi.