Likizo, Mkonge na Mke Mwenzangu

Najua nimepotea. Niko nyumbani Muheza tangu chuo kifungwe, na huku umeme na bando vinapokezana kukatika. Leo vyote viwili vipo, ngoja niwahi.

Wale tuliokaa hosteli moja mnajua kilichonikuta mwaka wa pili. Sapu ya historia. Mimi, niliyekuwa natamba kwa tarehe! Ulize mapinduzi ya Ufaransa, 1789. Ulize Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885. Sapu niliifaulu, lakini kuna insha mhadhiri aliirudisha na maneno mawili tu ya kalamu nyekundu: "Umeorodhesha. Hujaeleza." Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikaisoma tena ile insha, nikaona kweli, ni orodha ya sokoni.

Sasa mwaka wa tatu tunaanza na Historia ya Dunia, ile kozi ambayo waliotutangulia wanaisimulia kama watu walionusurika ajali ya basi. Nikiangukia pale, sapu nyingine, na baada ya hapo ni kudisko tu. Na nyumbani kwetu kudisko si utani. Mama anauza machungwa barabarani na boom langu lenyewe nusu huwa linarudi huku kuwasomesha wadogo zangu. Kwa hiyo nikaapa, likizo hii ni msuli.

Nikatengeneza ratiba, wino wa rangi tatu. Saa kumi na moja alfajiri Ulaya, mchana Asia, usiku Amerika. Ratiba ilidumu siku nne, teh teh teh. Siku ya tano nilikutwa nimelala juu ya Dola ya Ottoman. Tatizo si uvivu (kidogo tu). Tatizo ni kwamba nilikuwa nakremu vilevile kama zamani. Nikifunga simu, kila kitu kinaondoka.

Kwenye orodha ya vitabu tulivyopewa kuna kitabu cha Sidney Mintz cha mwaka 1985, kinahusu sukari. Sukari tu! Anaifuata kutoka mashamba ya watumwa Karibi hadi kwenye kikombe cha chai cha mfanyakazi wa kiwandani Uingereza. Nilikuwa nakisoma barazani jioni, bibi anafunga mbuzi wake. Nikaangalia ile kamba. Katani. Nikamuuliza, "Bibi, hivi huu mkonge ulitoka wapi?"

Akanicheka. "We mke mwenzangu, na shule yote hiyo unaniuliza mimi? Mkonge ni wa hapa hapa."

Basi bwana, si wa hapa. Nilichimba siku mbili. Mmea wenyewe asili yake ni Mexico, na jina lake la Kizungu, sisal, limetokana na bandari ya Sisal iliyoko Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika huku ikiwa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Mabuku ya mkonge unayoyaona dirishani kwenye basi kutoka Segera hadi Tanga yalianzia kwenye miche ambayo ungeweza kuipakia kwenye toroli.

Na nani aliyeitaka? Hapo ndipo nilipokaa wima. Marekani na Kanada walikuwa na mashine za kuvuna ngano na kuifunga matita, na kila tita linataka kamba. Mkulima wa ngano huko hamjui mtu wa Muheza, lakini anamhitaji. Halafu mwaka 1942 Wajapani wakateka Ufilipino na Java, kwenye katani nyingine za dunia, na wazungu wakabaki kuitegemea Afrika Mashariki. Mashamba yakataka watu wengi kuliko waliopo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua kutoka mbali, SILABU. Kisha ikaja vita ya Korea, 1950, na bei ya katani ikaruka.

Babu yangu alishuka kwenye lori la SILABU mwaka 1955. Muha wa Kasulu, kijana wa miaka kumi na nane hivi. Manamba.

Neno hilo nimelisikia tangu utotoni kama tusi dogo tu, "acha umanamba wako". Sikuwahi kujiuliza. Bibi akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, ndani yake kipande cha babu. Kadi ya kazi, imekuwa laini kama kitambaa. Ina visanduku vya siku thelathini. Kila ukimaliza ngwe yako unatiwa alama, na mpaka vijae vyote ndiyo unalipwa. Ukiugua, kisanduku kinasubiri. Juu kuna namba. "Mnyapara alimwita hivyo hivyo," bibi akasema, na akaitamka ile namba bila kuitazama kadi.

Yeye mwenyewe alikuwa anaanika singa nyuma ya korona. Anasema mikono ilikuwa inawasha mpaka usiku.

Tulibishana pia. Kitabu kinasema mkonge uliangushwa na kamba za plastiki na mashine mpya za kuvuna zisizohitaji kamba. Tanzania ilitoa tani 230,000 hivi mwaka 1964, na kufika mwisho wa miaka ya 1990 hazikufika hata 30,000. Bibi hataki kusikia plastiki. Kwake ni baada ya mashamba kutaifishwa mwaka 1967: vipuri vikakosekana, mabosi wakala hela, mishahara ikachelewa. Mimi naona bei ya dunia ilianza, lakini sithubutu kumwambia mtu aliyekuwepo kwamba hakuona alichokiona. Nimeandika yote mawili kwenye daftari.

Lililoniumiza ni jingine. Nilimuuliza babu alitoka kijiji gani. Bibi akanyamaza. "Kasulu," akasema. Kasulu kubwa bibi, kijiji gani? Hajui. Babu alisema atarudi kipande kikijaa, kikajaa, akachukua kingine, akaoa, akafa mwaka 1998 hajarudi. Kwa hiyo najua miche 62 ilipitia bandari gani, na sijui babu yangu alizaliwa wapi.

Sasa nasoma tofauti. Ratiba ya rangi tatu nimeichana. Nachukua kitu kimoja, naandika nani alikilima, nani alikinunua, nani alifaidi, tarehe zinakuja zenyewe nyuma. Nimefanya pamba, sasa niko kwenye fedha ya Potosí iliyoishia China, na ninaielewa! Sijui kama inatosha kwa ule mtihani. Bibi jana kaniuliza, "Hao walimu wako watauliza habari za mume wetu?" Nikamwambia labda si kwa jina.

Kuna mdau yeyote wa Kasulu humu? Niandikie tafadhali, nitakutumia jina la babu na la baba yake. Na mwenye Mintz sura ya tatu anirushie, PDF yangu imekatika katikati. Mama ananiita nikapange machungwa.