Tanga lipi kwa ubao wa mapezi matatu? (bumu limeingia)

Haya wadau, bumu limeingia. Wenzangu wa Hall mnajua ratiba: wiki moja ya chipsi kuku, wiki mbili za wali maharage, halafu ni kugonga milango ya watu usiku ukiulizia chumvi. Langu safari hii lina kazi tayari. Nanunua tanga. Si la ngalawa ya mjomba, la windsafingi. Kila ninayemwambia ananiangalia kama nina malaria, kwa hiyo naandika mara moja yaishe.

Kwa wasiojua: ule ubao hauna usukani. Mlingoti umekaa juu ya kiungo kinacholala kila upande, wewe unaongoza kwa kulaza tanga mbele au nyuma na kukandamiza kwa miguu. Lile duara refu la kushikia tanga nalo linaitwa bumu, yaani mwenzenu nina mabumu mawili na yote hayanitoshi, hehe.

Ubao niliupata nyumbani Paje kwa mgeni aliyekuwa anaondoka, hakutaka kulipia mzigo wa ndege. Lita 82, chini una mapezi matatu: la kati sentimita 18, na vidogo viwili pembeni vya sentimita 10. Tanga aliondoka nalo. Sasa kuna matanga mawili yanauzwa, yote ya mtumba. Moja la mita za mraba 5.3, laki moja na nusu. Jingine 4.7, laki tatu. Dogo ndiyo ghali.

Rumeti wangu, mtu wa Mwanza, anasoma uhandisi: "Bwana we, chukua kubwa. Tanga si ndo injini? Na hela inabaki ya kula."

Swali la haki kabisa, na angekuwa sahihi kama ubao wangu ungekuwa na pezi moja refu. Pezi refu la sentimita 23 au 24 linafanya kazi kama bawa la ndege lililosimama wima majini. Unalisukuma kwa mguu wa nyuma, linakusukuma nawe, ubao unanyanyuka na kuanza kuteleza juu ya maji, na unabisha vizuri kuelekea upepo ulikotoka. Mapezi mafupi hayana ubavu huo. Kila moja ni fupi, na yakiwa mengi yanakokota maji zaidi. Ukiyakandamiza kwa nguvu kabla hujapata mwendo yanaachia, tezi inateleza pembeni, na wewe huyo majini.

Faida yake unaiona kwenye wimbi. Ukilaza ubao, pezi la pembeni linazama kwenye ukingo na kung'ata maji, unageuka pale pale chini ya mdomo wa wimbi ambako pezi moja refu lingekuwa gumu kugeuka. Wacheza mawimbi wa bila tanga walishayajua haya tangu Simon Anderson wa Australia alipotengeneza ubao wake wa mapezi matatu mwaka 1980. Kwenye windsafingi mambo ya mapezi mawili, matatu, manne yalikuja kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 2000.

Kwa hiyo kama mapezi hayakusaidii kuondoka, nani akusaidie? Tanga. Ila si kwa ukubwa, kwa pale linapovutia.

Desemba, upepo wa kaskazi, niliazimwa yote mawili siku moja. Lile 5.3 lina mbavu tano (vile vijiti bapa vinavyolinyoosha) na tumbo lake limerudi nyuma. Nguvu yote nilikuwa naisikia mkono wa nyuma. Mkono wa nyuma ukivutwa, uzito unakwenda mguu wa nyuma, mguu unakandamiza mapezi, mapezi yanaachia. Nilijaribu kutoka mara nne. Mara nne nikajikuta nashushwa kuelekea Jambiani. 4.7 lina mbavu nne, tumbo liko mbele karibu na mlingoti na chini kidogo, linavuta mkono wa mbele. Upepo ule ule, mtu yule yule wa kilo 66, ubao ukanyanyuka na nikaufikia mwamba.

Na kwetu kuufikia mwamba si mapambo. Paje upepo wa kusi na wa kaskazi yote inaingia kwa mshazari kutoka baharini. Kutoka nje maana yake ni kubisha huku povu linakujia usoni. Ukikwama katikati bila nguvu, wimbi linakubeba wewe na vyombo vyako hadi juu ya mwamba, na kule chini shuguli... sorry, urojo haupo, kuna miiba tu. Ndiyo maana video za mabingwa wakiwa Ho'okipa, Hawaii, upepo umewakatia ubavuni, naziangalia kwa raha ila sinunulii vitu.

Ukishapita, unataka kitu cha pili: tanga linalozimika. Unashuka na wimbi, unalifungua, linakuwa jepesi mkononi kama khanga kwenye kamba. Mbavu tatu huzimika vizuri zaidi lakini upepo ukizidi zinapepesuka. Tano zimetulia, ila nzito kidogo. Mimi nakaa kwenye nne. Lakini msihesabu mbavu tu, jamani! Lifungeni tanga, lilazeni kwenye upepo mdogo, mwangalie tumbo limekaa wapi. Mjomba aliliangalia hivyo hivyo, akalipapasa, akasema, "Hili mwanangu linakwenda omo. Lile jingine linataka usukani." Hajawahi kupanda windsafingi maisha yake.

Marekebisho madogo: siku ya upepo hafifu nalegeza kidogo kamba ya nyuma ya bumu tumbo lijae, na zile kamba za kunasia mkanda wa kiunoni nazisogeza mbele hadi mikono yote miwili iwe sawa. Upepo ukiwa mdogo zaidi, nabadilisha pezi la kati niweke la sentimita 21. Pezi nitaazima.

Rumeti bado anapiga hesabu za ugali. Nimemwambia likizo ndefu itanikuta kusi bado linavuma, na pale ufukweni wamesema anayeweza kwenda mwambani na kurudi mwenyewe watampa siku za kazi na wageni. Kaguna.

Nusu ya hela nimeshatuma kwa simu jana usiku. Mwenye jiko la umeme na maharage asiyependa kula peke yake, nipo ghorofa ya pili.