Kipindi Kisicho na Mtihani

Kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya walimu, michezo na afya vilipangiwa Alhamisi, saa tano hadi saa sita na dakika ishirini, wakati jua la Kwimba limesimama utosini na mbuzi wamejibanza chini ya miembe. Saa za ubaridi wa asubuhi zilikuwa za Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Hatukuona ajabu. Shuleni kwetu somo hilo halikuwa na mtihani wa kidato cha nne, na somo lisilo na mtihani hula kilichobaki. Hata hicho kilichobaki kiliporwa. Septemba ikifika, mwalimu wa Hisabati alikuja kuomba kipindi kwa adabu zote, huku mkono wa pili umeshaanza kuandika ubaoni.

Nasimulia habari za mwanzoni mwa miaka ya 90, katika shule ya sekondari ya kutwa isiyo mbali na Ngudu. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wakulima wa pamba. Baba yangu alipoona kwenye orodha ya mahitaji kwamba ninatakiwa kuwa na raba na bukta, alikwenda nalo swali mpaka kwenye kikao cha wazazi. "Mtoto anaamka alfajiri kuchota maji, anatembea mpaka shule, akirudi anapalilia pamba. Mazoezi gani tena anayataka mwalimu?"

Swali zuri, na nadhani wapangaji wengi wa mitaala hawajalijibu mpaka leo. Mwalimu wa michezo alisimama, akatoa shikamoo, akasema, "Mzee wangu, trekta la ushirika linalima kuliko sisi sote hapa, lakini kila msimu lina fundi wa kulifungua na kulikagua. Huyu binti anakaguliwa na nani?" Wazee walicheka. Baba hakucheka, ila raba alininunulia.

Si kwamba shule haikuwa na michezo mingine. Mchakamchaka tulikuwa nao tangu shule ya msingi, tunakimbia kabla ya paredi kwa nyimbo, vumbi juu. Kulikuwa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ambayo ilikuwa ya wenye vipaji: walichujwa wilayani, wakachujwa mkoani, na sisi wengine kazi yetu ilikuwa kushangilia na kufyeka uwanja. Kulikuwa na halaiki, ambayo ilikuwa ya wageni. Mwenge wa Uhuru ukikaribia tuliacha masomo tukajifunza kuinua mikono na kuinama kwa pamoja, na ukishapita hakuna aliyetukumbuka tena. Kipindi cha Alhamisi ndicho pekee kilichokuwa cha kila mtu, mnene na mwembamba, mwenye mbio na mwenye pumu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa amesomea Butimba, chuo ambacho kwa walimu wa michezo wa upande wetu jina lake lilitosha kuwa cheti. Vifaa alivyovikuta vilijaa kapu moja: mpira wa miguu wenye viraka, wa netiboli uliokuwa ukivuja upepo, kamba na filimbi. Vingine alivitengeneza. Tufe lilikuwa jiwe, kijiti cha kupokezana kilikatwa kwenye mpini wa jembe, na shimo la kuruka juu lilijazwa maranda ya fundi seremala wa sokoni. Saa ya mkononi ilikuwa moja tu, yake. Baada ya kila mzunguko wa uwanja alitusimamisha, vidole viwili shingoni, akapiga filimbi, tukahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne. Kila mmoja aliandika namba yake nyuma ya daftari. Baada ya muhula mmoja niliona mwenyewe kwamba moyo wangu unarudi kwenye hesabu yake ya kawaida mapema kuliko mwanzo. Hakuna ripoti ya shule iliyowahi kunifurahisha kiasi hicho.

Alikuwa na hadithi moja ya mkimbiaji wetu Filbert Bayi ambayo aliirudia bila kuchoka. Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, mita 1500. Bayi anashika uongozi tangu mwanzo, wenzake wanamfukuza, hawampati, na anamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyeshika nafasi ya pili naye aliivunja rekodi ya zamani, na bado alikuwa wa pili. Hapo mwalimu alinyamaza kidogo ili tumeze hilo la kuvunja rekodi na kushindwa. Siku moja mvulana akauliza kwa nini basi Bayi hakuchukua medali Montreal mwaka 1976. Tukaelezwa kwamba Tanzania ilisusia, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Kisha akaongeza kwamba hata bila kususia, Bayi alikuwa ametoka kuugua malaria karibu na siku hizo. "Bingwa wa dunia," akasema, "na mbu." Nusu ya pili ya kipindi ilikuwa mbu: anazaliana wapi, anauma saa ngapi, kopo la nani lililoko nyuma ya darasa lina maji.

Ndivyo alivyofundisha. Nusu ya kwanza uwanjani, nusu ya pili tunakaa chini ya mti tukiwa na jasho, na somo la afya linaanzia kwenye kitu kilichotokea mwilini muda huohuo. Tena alifundisha kwa Kiswahili. Sekondari karibu kila somo lilikuwa kwa Kiingereza, lakini kwa kuwa hili halikuwa na mtihani, hakuna aliyemuuliza. Mwalimu wa Biolojia alikuwa ameshatufundisha mfumo wa uzazi. Tulichora mchoro, tukaandika majina ya sehemu zote kwa tahajia sahihi, tukapata alama nzuri, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyehusisha mchoro ule na mwili wake. Chini ya mti ilikuwa vigumu kujificha namna hiyo. Wenye aibu waliona aibu kwelikweli, maana walielewa.

Kwa ajili ya hao aliweka boksi la chaki lenye tundu, dirishani mwa darasa. Unaandika swali, huandiki jina. Wengi waliandika kwa mkono wa kushoto ili hati isijulikane. Kwa nini wengine wananuka jasho na wengine hawanuki? Mbu aliyemuuma mgonjwa wa UKIMWI akija kuniuma mimi itakuwaje? Wembe mmoja na kaka yangu je? UKIMWI haukuwa habari ya redioni tu kwetu. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa, na kufikia wakati wetu kila kijiji kilikuwa na kaburi lisilozungumzwa. Mwalimu alijibu yote. Alishusha sauti alipotaja kondomu tu, wala si kwa ajili yetu, bali kwa ajili ya dirisha la mkuu wa shule.

Wasichana tulikuwa na mti wetu wa pili, wa udhuru. Ukisema tumbo linauma, mwalimu haulizi zaidi, unakwenda kukaa kivulini. Lakini aliandika kwenye daftari lake, na baada ya miezi kadhaa akagundua kwamba wapo wanaoomba udhuru wiki baada ya wiki, bila mpangilio wa mwezi. Yeye mwanamume, asingeweza kutuita mmojammoja. Alimweleza mwalimu wa kike aliyekuwa mlezi wetu. Katikati ya hayo, swali likatoka kwenye boksi: msichana anaweza kupata kichocho bila kuogelea?

Kichocho kwa wavulana wa kwetu kilikuwa karibu fahari. Waliogelea kwenye lambo, wakakojoa damu, wakasema ni dalili ya kukua, na wakaoneshana. Msichana akiona damu isiyo ya hedhi alinyamaza, kwa sababu jambo la kwanza ambalo watu wangefikiria ni ugonjwa wa zinaa. Ila ni nani aliyekuwa akisimama ndani ya lambo, maji magotini, akifua nguo za nyumba nzima? Ni nani aliyekuwa kwenye majaruba ya mpunga tangu asubuhi? Mwalimu alitueleza safari yote ya yule mdudu: yai linatoka na mkojo, linaanguliwa majini, mdudu anaingia kwa konokono, anatoka akiwa na mkia, anatoboa ngozi ya mtu bila kubisha hodi. Haulizi kama unaogelea au unafua. Wiki hiyohiyo akaandika barua hospitali ya wilaya.

Walikuja Alhamisi, katika kipindi chetu. Bwana afya, muuguzi mmoja, na mtaalamu wa maabara aliyebeba hadubini kwenye sanduku la mbao. Tulidhani mazoezi yamefutwa. Mtaalamu akatazama jua, akatazama saa, akasema, "Mwalimu, naomba uwakimbize kwanza."

"Niwakimbize?"

"Wakimbie, waruke, kama dakika kumi hivi. Halafu ndiyo tuchukue mkojo."

Akatueleza kwamba mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kwamba mwili ukitikiswa na mazoezi, mengi zaidi hutoka kwenye kibofu. Yaani saa ileile mbaya tuliyotupiwa kwenye ratiba ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Sijawahi kumwona mwalimu akipiga filimbi kwa raha namna ile. Tulikimbia na wenye udhuru wakakimbia, kisha tukapanga foleni mbili, kila mtu na chupa yake yenye namba. Namba badala ya majina lilikuwa sharti la mwalimu.

Hadubini haikuwa ya umeme. Ilikuwa na kioo kidogo chini, na mtaalamu aliigeuzageuza pale dirishani mpaka mwanga wa jua ukaingia. Alivuta mkojo kwa bomba la sindano, akaupitisha kwenye kichujio chembamba cha duara, akakitandaza juu ya kipande cha kioo. Aliponiruhusu kuchungulia niliona duara la mwanga, na ndani yake vitu vyenye umbo la yai kweli, rangi ya asali nyepesi, kila kimoja na mwiba mfupi nchani. Ndani ya kimoja kulikuwa na kitu kinachojikunja. Kilikuwa hai. Namba iliyoandikwa kwenye kioo hicho haikuwa yangu, lakini yangu nayo ilikuja kusomwa mchana huo, pamoja na za wasichana wengi kuliko bwana afya alivyotarajia. Muuguzi alituchukua wasichana peke yetu kwenye darasa la kidato cha pili, akafunga mlango, akasema kabla hata hajakaa kwamba kichocho si zinaa. Kuna waliolia. Mimi nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Dawa ilikuwa praziquanteli, na kipimo chake kinafuata uzito, kwa hiyo tulipimwa kwenye mizani iliyoazimwa ghala la pamba. Tulikula uji mzito kwanza, kisha vidonge, vikubwa na vichungu. Wengine walitapika, wengine kichwa kiliwazunguka, na mwalimu akapiga marufuku mtu yeyote kukimbia mpaka kesho yake.

Lakini lambo lilikuwa palepale. Ukishatibiwa ukarudi kufulia magotini, umerudi kuambukizwa. Hapo mwalimu akaja na mradi wake: karo la kufulia, mbali kidogo na maji, lenye mapipa. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Vimelea wakishatoka kwa konokono hawaishi zaidi ya siku mbili. Maji yakichotwa alfajiri, kabla jua halijawatoa kwa wingi, yakakaa kwenye pipa siku mbili, yanafulika bila wasiwasi. Mawe ya karo yalibebwa kama mbio za kupokezana, kidato kwa kidato, na kidato cha tatu walishinda kwa wizi wa mawe ya kidato cha kwanza, jambo ambalo mwalimu alilijua na akaliacha kwa sababu karo lilikuwa linapanda.

Yakabaki mapipa. Tangazo lilitolewa kwa wazazi, na wa kwanza kuja alikuwa baba yangu, akisukuma baiskeli iliyofungwa pipa la bati nyuma. Nilisimama wima kwa fahari. Mwalimu akamwamkia, akamshukuru, akaliinamia pipa na kulinusa.

"Mzee, hili lilikuwa la nini?"

"La dawa ya kupulizia pamba. Nimeliosha vizuri."

Mwalimu akaomba sururu kwa kiranja wa mazingira. Akamwomba baba radhi, mara mbili, kisha akalitoboa lile pipa matundu manne chini na mengine ubavuni, mbele ya macho yake, ili lisije likarudi nyumbani na kutumika kwa kitu kingine. Baba alimtazama mpaka alipomaliza. Hakusema neno, akageuza baiskeli akaondoka. Nilijua jioni kutakuwa na kesi.

Jioni kweli aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mbele yake amepanga madumu na makopo yote ya nyumba ile, pamoja na kopo ambalo mama alikuwa akiwekea maziwa ya mdogo wangu. Akanionesha moja baada ya jingine. "Na hili? Mwalimu wako anasemaje kuhusu hili?"