Taa Tuliyoizima



Wapendwa taifa la Mungu, wiki hii tulilipeleka gari la parokia, Hilux kuukuu ya dizeli, kwa fundi hapa Ikwiriri. Oili ilikuwa ikidondoka mbele ya injini. Tulidhani ni sili tu ya kubadilisha, na kwamba adhuhuri tungelikwisha kuvuka Daraja la Mkapa kumpelekea mgonjwa Sakramenti ng'ambo ya Mto Rufiji.

Fundi, mzee wa Kiislamu, alifungua kifuniko, akanyamaza, kisha akatuita. Mkanda wa taimingi ulikuwa umelowa oili, umechanikachanika, na baadhi ya meno yake yamenyofoka. Mkanda huo wa mpira ndio unaozipa vali na pistoni zamu zake. Ukikatika njiani, pistoni huzigonga vali na injini hufa papo hapo.

"Huu haupigi kelele, Padri," alisema. "Injini huunguruma vizuri hadi siku unapokatika. Kwani taa haikuwaka?"

Hapo tulinyamaza sisi. Taa iliwaka. Magari ya namna hii huwasha taa ya mkanda yakitimiza kilomita 100,000. Iliwaka kabla ya Kwaresima. Fedha zilipungua, safari za vigangoni zilikuwa nyingi, tukamwomba fundi mwingine aizime. Ni kazi ya dakika chache, kwa kuwa taa haijui kama mkanda umebadilishwa. Huhesabu kilomita tu. Tangu siku hiyo tumewapakia wagonjwa, wanakwaya na watoto wa Komunyo ya Kwanza, huku tukihubiri toba.

Wapendwa, mfalme Daudi, baada ya kumtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe, aliendelea kuketi katika kiti cha enzi na kutawala kama kawaida. Injini iliunguruma vizuri. Ilibidi nabii Natani aje kukifungua kifuniko.

Dhamiri ni taa. Tena yapo maungamo ambayo ni kuizima tu: tunataja dhambi, moyo unatulia, lakini mali ya jirani haijarudishwa, wala ndugu tuliyemsingizia hajaombwa msamaha. Mama Kanisa anatufundisha majuto, maungamo na malipizi. Malipizi ndiyo mkanda wenyewe.

Tulimsihi mzee afunge kifuniko, twende kwa mgonjwa, turudi kesho. Alikataa kwa upole: "Padri, nikikufungia hivi, nitakuwa nimekudanganya." Tulikwenda kwa bodaboda. Mgonjwa alipokea Sakramenti, na gari lingali kwa fundi likingoja mkanda kutoka Dar es Salaam.

Ninyi nyote tuliowapakia miezi hii, tunawaomba radhi. Nasi sote tujiulize wiki hii: ni taa ipi tumeizima bila kuitengeneza injini?

Mungu awabariki. Amina.