Kasi na Usingizi wa Kompyuta: Hesabu ya Nishati Darasani

Mwalimu anayekabidhiwa kompyuta kumi na betri moja ya umeme wa jua hukabidhiwa pia swali ambalo vitabu vyetu vya mbinu za kufundishia havijalizoea: je, mashine hizi ziende mbio au ziende polepole? Katika chuo kimoja nilichofundisha, swali hilo liliwagawa walimu pande mbili. Betri iliyolisha kompyuta mchana ndiyo iliyowasha taa za chumba cha kujisomea usiku, na kwa majuma kadhaa taa zilizimika kabla ya saa tatu. Upande mmoja ukataka kasi ya kompyuta ipunguzwe kabisa. Upande wa pili, hasa wenye vipindi vya hisabati, haukukubali kuona wanafunzi wakikodolea macho kioo kinachosuasua.

Yafaa kwanza kuelewa kilichobishaniwa. Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya mahesabu, na prosesa za siku hizi hazina kasi moja. Chukua Intel Core i5-8250U, iliyotolewa mwaka 2017 kwa ajili ya kompyuta mpakato: kasi yake ya msingi ni gigahezi 1.6, lakini kazi ikizidi huweza kupanda kwa muda hadi 3.4. Nyongeza ya namna hiyo, ambayo Intel waliiita Turbo Boost katika prosesa zao za mwaka 2008, ina gharama. Umeme unaotumika hufuata kasi, na hufuata pia kipeo cha pili cha volteji. Na kasi haipandi sana bila volteji nayo kupanda. Tuseme kasi imeongezwa mara mbili, na volteji imepanda kutoka 0.7 hadi 1.0. Umeme utaongezeka karibu mara nne, ilhali kazi itakwisha kwa nusu ya muda. Kazi ile ile imegharimu nishati maradufu. Hapo wenzetu wa upande wa kwanza walikuwa na hoja.

Tatizo ni kwamba waliachia hesabu njiani. Tuseme mwanafunzi anafungua faili. Prosesa ikienda polepole yachukua sekunde 20 kwa wati 4, yaani jouli 80. Ikienda mbio yachukua sekunde 10 kwa wati 16, yaani jouli 160. Mbio zimetugharimu jouli 80 zaidi. Sasa ilinganishe hasara hiyo na kompyuta isiyofanya lolote, lakini inayokula wati 3 kupita inavyostahili. Kipindi cha dakika 40 kina sekunde 2,400; upotevu ni jouli 7,200. Mwanafunzi angeweza kufungua faili kwa mbio mara 90 ndipo aufikie. Kompyuta kumi za namna hiyo, kwa saa nne, hupoteza wati-saa 120, ambazo zatosha kuwasha taa tano za wati 6 kwa saa nne. Kumcheleweshea mtoto somo ili kuokoa jouli 80, huku 7,200 zikivuja, ni ubahili usio na tija.

Kwa nini basi kompyuta iliyokaa bure ile umeme mwingi? Usingizi wa prosesa una kina. Ikikosa kazi kwa muda mfupi hulala kidogo tu; ikiachwa zaidi huzima sehemu zake moja baada ya nyingine, hata ikabaki inakula umeme mdogo sana. Lakini kila programu iliyoachwa wazi huweza kuigutusha. Hali yake ni ya mlinzi anayeamshwa kila nusu dakika kuulizwa kama amelala: usiku kucha yumo kitandani, na asubuhi amechoka. Tena kuna mpangilio wa umeme ambao hudai prosesa isishuke kamwe chini ya kasi kubwa. Fundi huuchagua kwa nia njema, mteja aone mashine yake ni nyepesi.

Jambo hili laweza kufundishwa hata Darasa la Tano bila kompyuta. Wape watoto watatu punje ishirini za mahindi kila mmoja, wazihamishe moja moja kutoka kopo hadi kopo. Wa kwanza atembee. Wa pili akimbie, kisha akae chini. Wa tatu akimbie, na akimaliza aendelee kuruka papo hapo mpaka wa kwanza afike mwisho. Usiwaeleze kitu, waulize nani amechoka zaidi, na kwa nini. Nimeona watoto wakibishana kuhusu wa kwanza na wa pili (nao hubishana vizuri, maana wa pili hutoka jasho kweli), lakini kuhusu wa tatu hawajapata kutofautiana. Baada ya hapo hesabu ya jouli huingia kwa urahisi, maana wameshaiona.

Chuoni tuliiacha nyongeza ya kasi, tukashusha kiwango cha chini cha prosesa, tukafunga programu zisizohitajika, tukapunguza mwanga wa vioo, na kompyuta zisizo na mtu tukazilaza. Taa zikafika saa nne.

Ipo kazi moja ambayo upande wa kwanza ulishinda, nami naona kwa haki: kugeuza picha za video za mazoezi ya kufundisha ziwe faili ndogo. Kazi hiyo huendelea kwa saa nzima bila kupumzika, hakuna mtoto anayeisubiri, na nishati maradufu hapo si jouli 80 tena. Katika kompyuta nyingi za Windows, kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 hutosha kuinyima nyongeza. Tulifanya hivyo kwa kompyuta moja, nayo ikatengewa saa sita mchana, jua likiwa utosini na betri imeshajaa.