Mkongojo wa mtumba: rangi ni kitu cha mwisho

Wiki iliyopita niliweka picha ya mkongojo wa baba, inbox ikajaa: "Dada nesi umenunua wapi?" "Ni mpya?" Sio mpya jamani. Ni wa mtumba, nimeukwangua na kuupaka rangi mwenyewe hapa nyumbani. Leo naeleza hatua kwa hatua, maana wengi mnao nyuma ya mlango, umekaa tu, au mnautumia bila kuuangalia.

1. KWA NINI NIMEHANGAIKA

Baba alipata kiharusi mwaka juzi. Mkono ulirudi, mguu wa kushoto umebaki dhaifu. Mwaka huu ameanguka mara mbili, ya pili usiku akienda choo cha nje. Anayemnyanyua ni mama, na mama mwenyewe mgongo haumruhusu.

Kazini tunawapokea wazee waliovunjika nyonga kwa kuteleza tu kwenye sakafu yenye maji. Mzee akivunjika nyonga analala muda mrefu, na kulala huko kunaleta mengine: vidonda vya mgandamizo, nimonia, damu kuganda mguuni. Kwa hiyo mzee akianguka usiseme pole halafu basi.

Shida ni kwamba baba hakutaka kabisa mkongojo wa alumini unaong'aa. "Huo ni wa wagonjwa." Mnawajua wazee wa huku, fimbo mkononi ni heshima, lakini iwe fimbo kweli. Ile yake ya kuchungia ni nyembamba, ndefu, haina mshikio wala mpira chini. Ni ya kuswagia ng'ombe, haikutengenezwa kubeba uzito wa mtu.

Nikamwambia, "Baba, nikikutafutia wa chuma, nikaupaka rangi unayoitaka wewe?" Akanyamaza kidogo. "Rangi ya fimbo yangu." Kahawia iliyokolea. Hapo nikajua tumeelewana.

2. KUCHAGUA

Niliupata sokoni kwa wauza mitumba, kwenye lile rundo la vyuma linalomwagwa juu ya turubai. Shilingi 7,000 baada ya kuvutana sana. Pembeni kulikuwa na fimbo ya gofu, ile fupi ya kusukumia mpira taratibu uingie shimoni. Muuzaji akanishawishi: "Chukua hii dada, ngumu kuliko hiyo." Urefu kweli unakaribiana na mkongojo. Lakini kichwa chake ni chuma kitupu, kwenye tailizi kinateleza. Ukiigeuza juu chini, unasimamia mpira wa mshikio ambao ni wa kushikwa na mikono tu. Usimpe mzee wako.

Sasa ukishika mkongojo wa mtumba, fanya haya kabla hujatoa hela:

Toa mpira wa chini, chungulia ndani ya bomba. Kutu mara nyingi inaanzia ndani, maana maji na udongo vinaingia na havitoki.

Uweke usawa wa jicho kama seremala anavyoangalia mbao. Ukiwa umepinda, acha.

Angalia matundu ya kurekebishia urefu, pale ndipo bomba linapochoka. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, rudisha. Rangi haiongezi nguvu, inaficha ufa tu. Mkongojo unaopendeza na una ufa ni hatari kuliko ule mbaya, maana mzee ataulalia kwa moyo wote.

Beba na sumaku. Ikinata ni chuma. Isiponata mara nyingi ni alumini, na hiyo haioti kutu nyekundu, inatoa unga mweupe.

3. KUKWANGUA

Bomba la ndani lilikuwa limegoma kutoka. Nililiwekea mafuta ya taa kwenye maungio usiku kucha, asubuhi nikalizungusha na kitambaa, likaachia. Usigonge na nyundo, utalibonyeza na halitateleza tena.

Kutu nimeiondoa kwa brashi ya waya, halafu msasa mkali, halafu msasa laini. Hapa nasema kama nesi: vaa barakoa, lowesha msasa maji, fanyia nje, watoto wawe mbali. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake likiingia kwa mtoto linaharibu ubongo unaokua. Yale maji machafu na vumbi nimekusanya kwenye mfuko. Hayaendi bustanini wala kwa kuku.

Ukimaliza kausha siku hiyo hiyo, futa kwa spiriti na upake rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu kama udongo wanayopaka mafundi wa mageti. Chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja, asubuhi unaanza upya.

4. RANGI

Rangi ya mafuta na thina kidogo. Nimefunga waya kwenye mwembe, nikauning'iniza mkongojo, nikapaka mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka siku nzima. Babati yetu mnaijua, upepo ukishaanza vumbi jekundu linakaa kila mahali. Kwa hiyo nilipaka alfajiri.

Matundu na kile kitufe cha springi nilivifunika kwa selotepu. Bomba la ndani, ile sehemu inayozama kwenye la nje, usipake. Rangi ikijaa pale halitelezi, na kitufe hakitokezi vizuri kwenye tundu. Kitufe kikitokeza nusu, mkongojo unaweza kuzama mtu akiwa ameuegemea.

Karibu na chini nimebandika stika inayoakisi mwanga, kama za kwenye malori. Usiku mama akiwasha tochi anaiona.

5. MPIRA WA CHINI

Rangi mtu anaiona, mpira ndio unaomshika mzee. Ukiwa umelika hadi laini kama soli ya kandambili iliyochoka, tupa. Mimi nilinunua mpya duka la vifaa tiba, nikaenda na mkongojo wenyewe ili ukubwa ulingane. Uingie kwa kubana hadi chuma kifike mwisho. Ukiweza kuuvuta kwa vidole viwili, haufai.

6. UREFU NA MKONO

Mzee asimame wima amevaa viatu anavyotembelea kila siku. Baba anavaa katambuga, basi nikampima na katambuga. Mkono uning'inie, pima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Huo ndio urefu. Akiushika, kiwiko kikunjwe kidogo tu. Mrefu sana unapandisha bega, mfupi sana unamwinamisha.

Na unashikwa mkono wa UPANDE MZIMA. Wengi wanaushika upande unaouma. Mguu wa baba dhaifu ni wa kushoto, mkongojo uko kulia, na unatangulia pamoja na mguu wa kushoto. Baba alibisha. "Mwanangu, ukuta unaoanguka unauwekea mti upande ule ule." Nikamjibu, "Sawa baba, lakini ukuta hautembei." Akacheka, akajaribu, akaona.

Wiki tatu sasa hajaanguka. Sisemi amepona, mazoezi na dawa za presha ziko pale pale. Ila Jumapili ameenda kanisani kwa miguu, na mzee mwenzake akamuuliza hiyo fimbo kaichonga wapi. Hakumwambia ni ya mtumba, na mimi sikusema kitu.

Sasa kazi yenu. Kama kuna mkongojo au magongo nyumbani, usiku huu geuza uangalie mpira wa chini. Kisha niandikie hapa umekuta nini. Posti ijayo ni magongo ya kwapani, na kwa nini uzito haupaswi kukaa kwapani.