Golikipa akipoteza moyo, tusimuache peke yake

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya soko. Nataka tuzungumuze juu ya mutu mumoja ambaye kila siku ya Mungu tunamuona uwanjani, lakini tunamukumbuka tu wakati goli linaingia. Ni golikipa.

Ekipe yetu ya mutaa iko na golikipa kijana, bado anasoma sekondari. Tangu mechi moja ambayo tulipoteza kwa penalti, majuma matatu hakuonekana kwenye mazoezi. Hakuumia mukono wala muguu. Anasema tu kama mupira ukikuja anauona vizuri, lakini mwili unakataa kuondoka. Watu wamekwisha kutoa majibu yao. Wengine wanasema amelogwa, wengine wanasema ni uvivu. Mimi nilidaka katika ekipe hiyohiyo miaka sita, mbele ya kazi ya radio kunikamata muda wote, na ule ugonjwa ninaujua. Hauna homa, lakini unalalisha mutu.

Mimi ulinikuta kisha mechi tuliyocheza mbali na kwetu. Dakika 90 ziliisha sufuri kwa sufuri, tukaenda penalti, na zote tano zikapita. Zilipigwa vizuri, hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu siku ile nikawa ninabaki mustarini tu. Zamani korna ikipigwa nilikuwa ninatoka kwa ngumi. Sasa miguu ilikuwa kama imefungwa na kamba. Usiku nililala nikisikia mupira unapita pembeni ya sikio. Nikisikia kama mvua itaharibu mechi, moyo ulifurahi. Hapo njo mutu anajua kama mikono iko mizima, ni kichwa kinaumwa.

Golikipa ana shida ambayo wengine hawana. Mushambuliaji akikosa goli, anakimbia, na kisha dakika mbili anapata nafasi ingine, anasahau. Golikipa anabaki palepale, pengine dakika 20 bila kugusa mupira, anafikiri. Na kwetu ni mubaya zaidi. Milingoti yetu ni miti ya kaliptusi, hakuna nyavu. Mupira ukiingia unateremuka mpaka kwenye mashamba ya mihogo, na ni golikipa mwenyewe anaenda kuutafuta, watu wote wakimuangalia mugongo, watoto wakimuimbia.

Wazee wetu wanamukumbuka Kazadi Mwamba. Huyu hakuwa golikipa wa bahati. Alishinda kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967 na 1968 pamoja na Englebert ya Lubumbashi, ekipe ambayo leo tunaiita TP Mazembe. Alikuwa katika ekipe ya taifa iliyoshinda Kombe la Afrika mwaka 1968, na tena mwaka 1974. Katika mwezi wa Juni 1974, Zaire ikakuwa inchi ya kwanza ya Afrika chini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia, kule Ujerumani Magharibi.

Tarehe 18/06/1974, muji wa Gelsenkirchen, Yugoslavia ilifunga magoli matatu kwa dakika 18. Kwa dakika ya 21 kocha Blagoje Vidinić akamutoa Kazadi, akamuingiza Tubilandu. Golikipa ambaye hakuumia, kutolewa kwa dakika ya 21, mbele ya dunia nzima! Na Vidinić mwenyewe alikuwa golikipa wa zamani, alishinda zahabu ya Olimpiki mwaka 1960. Kisha dakika moja tu, goli la ine likaingia. Mechi ikaisha 9-0.

Tufanye hesabu: matatu kwa Kazadi, sita kwa yule aliyekuja kwa nafasi yake. Basi shida haikuwa mikono ya mutu mumoja. Wachezaji walikuwa na kilio cha pesa walizoahidiwa, ekipe nzima ilikuwa imevunjika moyo. Lakini watu wakitafuta mwenye kosa, wanaanza kwa mwenye glavu.

Siku ine kisha, Zaire ikacheza na Brazil. Nani alisimama katika goli? Kazadi Mwamba. Brazil ilishinda 3-0, na lile la tatu, la Valdomiro, ni goli ambalo golikipa yeyote angeomba lipigwe tena. Sitawadanganya kama ulikuwa ushindi. Lakini ninapofikiri juu ya mutu aliyetolewa vile, anavaa tena glavu na kuingia mbele ya Brazil, dakika zote 90, ninaona kama kupona kwa golikipa kunaanza pale, hata kama atafungwa tena.

Karibu na wakati wetu kuna Lionel Mpasi. Tarehe 28/01/2024, kule San Pedro, Côte d'Ivoire, tulitoka 1-1 na Misri, tukaenda penalti. Golikipa wa Misri akapiga mwamba, kisha Mpasi akapiga yake, ikaingia: 8-7. Siku 13 kisha, mechi ya nafasi ya tatu na Afrika ya Kusini ikaenda tena penalti, tukashindwa 6-5. Golikipa ni yuleyule, mikono ni ileile. Penalti njo ziko vile.

Kuna watafiti wa Israeli, pamoja na Michael Bar-Eli, ambao mwaka 2007 walitangaza kazi yao juu ya penalti 286. Walikuta kama golikipa anayebaki katikati alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuokoa, lakini karibu wote waliruka kuume ao kushoto. Sababu gani? Walieleza kama mutu akifungwa akiwa amesimama, anasikia vibaya zaidi kuliko akifungwa akiwa ameruka. Maana yake, hata makipa wakubwa wanadaka pia na macho ya watu kichwani.

Mimi nilisaidiwa na mwalimu wa ekipe, muzee mumoja wa maneno kidogo. Juma la kwanza alikataza mutu yeyote kupiga goli kwangu. Alisimama metre tatu, akanirushia mupira kwa mukono, nikamata, nikamurudishia, mara 50. Kisha metre tano. Kisha kumi. Mwili ulianza kukumbuka kazi yake bila kuuliza kichwa. Ya pili, aliniomba niseme na walinzi wangu kila mara, kwa sauti: "Panda! Mutu nyuma! Rudi!" Kinywa kikiwa na kazi, kichwa hakipati nafasi ya kusumbuka. Ya tatu, nikifungwa niguse milingoti yote miwili, na kisha pale lile goli limeisha, hatulizungumuzii mpaka kesho. Ilichukua karibu miezi miwili.

Na niongeze jambo moja. Kwetu hapa watu wengi wameona vita, wamekimbia, wamezika. Kama kijana halali, hakuli, hasemi na mutu kwa majuma mengi, tusiseme ni mupira tu. Tumupeleke kwenye kituo cha afya, tuzungumuze naye.

Pengine mutauliza kwa nini correspondent wa radio anaandika marefu namna hii juu ya golikipa wa mutaa. Ni kwa sababu hapa Gety uwanja njo unashika vijana. Kijana anayeacha mazoezi anaanza kukaa nyumbani, kisha anaanza kukaa barabarani, na munajua ninyi wote ni watu gani wanapita kutafuta kijana mwenye nguvu ambaye hana kazi na ambaye anasikia kama hana maana tena. Wale hawatamuuliza kama alishindwa kuokoa penalti.

Siku ya kazi ine iliyopita, golikipa wetu alikuja. Hakuja na glavu. Nilisimama metre tatu, nikamurushia kwa mukono. Alikamata kama 30, moja ikamuponyoka, akacheka kidogo. Hakusema kama atacheza siku ya Mungu, na mimi sikumuuliza.

Lakini nina ombi kwa ninyi munaosimama nyuma ya goli. Akiingia, muache nyimbo zile. Na akifungwa, mumoja wenu ateremuke kwenye mihogo, amuletee mupira.